Kukopa kijijini Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu anayeishi mbali na tawi la benki na ambaye hela yake huja kwa msimu: ufuta, mbaazi, korosho, samaki au chumvi. Namba zilizo kwenye mifano ni za kuonyesha hesabu tu. Weka zako.

Nahitaji hela. Nianze kwa nani?

Kabla ya kumtafuta mtu, tazama kalenda yako. Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi andika hela inayoingia nyumbani na inatokana na nini. Kwa kaya nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi au Mtama picha inafanana: ufuta kuanzia Juni, mbaazi baada yake, korosho kuanzia Oktoba, kisha kuanzia Januari hadi Machi hakuna kitu na chakula cha ghalani kinapungua.

Halafu jiulize: mkopo huu nitaulipa na hela ya mwezi gani? Ukishapata jibu, nusu ya wakopeshaji wanaondoka wenyewe kwenye orodha. Anayetaka marejesho kila wiki hamfai mtu asiye na chochote cha kuuza hadi Oktoba, hata kama riba yake ni ndogo. Watu wengi wanaoshindwa kulipa hawakukopa kingi mno. Walikopa kwa mtu ambaye tarehe zake hazipatani na shamba lao.

Wakopeshaji wa karibu ni akina nani?

Wa kwanza ni kikundi cha hisa cha kijijini, kiitwe VICOBA, VSLA au kikundi cha kuweka na kukopa. Halafu kuna SACCOS (chama cha akiba na mikopo), ambayo mara nyingi iko makao makuu ya kata au wilaya. Upo mfuko wa halmashauri wa asilimia 10. Wapo wakopeshaji binafsi wenye leseni na wasio na leseni, zipo programu za simu, na wapo wanunuzi wa kangomba wanaotoa hela leo ili walipwe korosho kesho. Mchezo nao, ule wa kupokezana chini ya kijumbe, ni njia ya kukopa ingawa watu hawauiti mkopo: ukipokea zamu ya kwanza umekopeshwa na wenzako, ukipokea ya mwisho wewe ndiye uliyewakopesha.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Benki za huduma ndogo zinazopokea amana ni daraja la kwanza. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana ni daraja la pili. SACCOS ni daraja la tatu, na vikundi vya kijamii ni daraja la nne. Faida ya kujua daraja ni kwamba linakuonyesha mahali pa kupeleka malalamiko. Daraja la kwanza na la pili wanasimamiwa na Benki Kuu, ambayo ina tawi Mtwara mjini. Malalamiko ya SACCOS yanakwenda kwa afisa ushirika wa wilaya na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ya vikundi yanakwenda halmashauri, kupitia afisa maendeleo ya jamii.

Kikundi cha hisa kinakopeshaje?

Wanachama, kwa kawaida 15 hadi 30, hukutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Kila mmoja hununua hisa kati ya moja na tano kwa bei iliyo kwenye katiba, tuseme 2,000 kwa hisa. Kila hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu chake. Pembeni kuna mfuko wa jamii, ambamo kila mtu hutoa kiasi kilekile, kwa mfano 500, kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Hela inayobaki mkutano ukiisha inalala kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Washika funguo ni watu watatu tofauti, na mwenye kutunza sanduku si mmoja wao.

Mikopo huanza sanduku likipata uzito, mara nyingi baada ya mwezi mmoja hadi mitatu tangu mzunguko uanze. Ukomo uliozoeleka ni mara tatu ya akiba yako. Kwa mfano, ukinunua hisa tatu za 2,000 kila wiki, baada ya wiki 12 una 72,000, na unaweza kuomba hadi 216,000. Muda wa kawaida wa kurejesha ni miezi mitatu. Mzunguko hufungwa baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Hapo sanduku linavunjwa, na kila mtu anapata mgawo wa akiba yake pamoja na sehemu ya riba kulingana na hisa alizonunua.

Maana yake ni kwamba kikundi hakitakusaidia wiki ambayo umegundua una shida. Kinamsaidia aliyejiunga miezi minne kabla ya shida kuja. Kama huna dharura sasa, huu ndio wakati wa kuingia.

Sijawa mwanachama na nina haraka. Naweza kukopa kwenye kikundi cha watu wengine?

Vikundi vingi vinakataa, na vina haki. Vingine huruhusu mwanachama akukopee kwa jina lake. Hapo deni ni lake kitabuni, na ukichelewa unamlia akiba yake. Ukikubali njia hii, andikeni karatasi mbele ya mashahidi wawili: kiasi, tarehe, na kwamba riba ya kikundi ndiyo hiyohiyo utakayolipa wewe. Kuna wanaokopa sandukuni kwa asilimia 5 na kumpa jirani kwa asilimia 20. Uliza riba ya kikundi kwa katibu, usiulize kwa aliyekukopea.

Nitajuaje kuwa kikundi ni kizuri kabla sijaingiza hela?

Omba kukaa mkutano mmoja kama mgeni. Angalia mambo haya kwa macho yako.

Hela inahesabiwa katikati, kwa sauti, na watu wawili tofauti na mweka hazina? Kiasi kilichobaki sandukuni kinatangazwa na wanachama wote wanakikumbuka mkutano unaofuata? Mwanachama anaondoka na kitabu chake, au vitabu vyote vinakaa kwa katibu? (Vitabu vikikaa ndani ya sanduku lililofungwa ni sawa. Vikikaa kwenye mkoba wa mtu mmoja, sivyo.) Faini zinatozwa kwa mwenyekiti pia? Cheti cha usajili kipo, na hakijaisha muda wake?

Kisha uliza swali moja ambalo viongozi wabaya hawalipendi: mzunguko uliopita, hisa ya 2,000 ilirudi na shilingi ngapi? Kikundi kinachofanya kazi kitajibu papo hapo, na majibu ya wanachama watatu tofauti yatafanana. Kikianza kukwambia habari za mradi mkubwa unaokuja, au mtu wa mjini atakayezidisha hela zenu, toka.

Riba ya asilimia 5 ni kubwa au ndogo?

Haijibiki mpaka ujue asilimia 5 ya nini. Chukua mkopo wa 300,000 kwa miezi mitatu.

Riba ya moja kwa moja inahesabiwa kwenye mkopo wote kila mwezi: 15,000 mara tatu, yaani 45,000. Unarudisha 345,000.

Riba ya salio inahesabiwa kwenye deni lililobaki. Mwezi wa kwanza 15,000, wa pili 10,000 kwa sababu umeshapunguza laki moja, wa tatu 5,000. Jumla 30,000, na unarudisha 330,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 15,000.

Njia ya tatu ni kukata riba mbele. Unasaini 300,000 lakini unapewa 255,000 mkononi. Kama mashine uliyokwenda kuinunua ni laki tatu, umekwama siku ya kwanza, na riba umelipia hela ambayo hukuigusa.

Kwa hiyo usiulize asilimia peke yake. Uliza hivi: "Nitapewa ngapi mkononi, nitarudisha ngapi kwa jumla, na kwa tarehe zipi?" Ongeza ada ya fomu, bima ya mkopo, na nauli ya kwenda kulipa. Mtu wa kijiji cha ndani anayefuata marejesho Masasi mara nne kwa bodaboda anaweza kulipa nauli kubwa kuliko riba.

Kwenye kikundi, riba unayolipa inarudi kwako kidogo wakati wa mgawo. Kwa mkopeshaji binafsi hairudi. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Kikundi chetu kinataka marejesho ndani ya miezi mitatu, lakini mimi navuna Oktoba. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa la mikoa hii, na dawa yake iko kwenye katiba ya kikundi, ambayo wanachama wenyewe wanaweza kuibadilisha. Pendekezeni mkopo wa msimu. Unatolewa kati ya Mei na Julai, riba inalipwa kila mwezi, na mtaji, yaani ile hela uliyokopa yenyewe, unalipwa mara moja kwa hela ya korosho. Mkopo wa 200,000 wa mwisho wa Juni kwa asilimia 3 unadai 6,000 kila mwezi, Julai hadi Novemba, jumla 30,000. Sita elfu kwa mwezi inaweza kutoka kwenye kuku wawili watatu, mihogo, au ufuta uliouza.

Yawekwe masharti matatu, la sivyo mkopo huu utaua sanduku. Kwanza, mikopo ya msimu isizidi nusu ya hela iliyomo, ili mwenye mgonjwa mwezi wa Septemba apate cha kukopa. Pili, tarehe ya mwisho iwe mwisho wa Novemba au katikati ya Desemba, isiwe Oktoba. Korosho ikishaokotwa inakaushwa, inapimwa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), inasafirishwa ghala kuu, inaingia mnadani, mnunuzi analipa, ndipo hela inafika kwenye akaunti yako. Kila hatua inaweza kula siku, na mvua ikiwahi inaongeza. Tatu, mkopaji alete stakabadhi zake za AMCOS za msimu uliopita. Aliyepeleka kilo 150 asikopeshwe kama aliyepeleka kilo 800.

Angalieni pia tarehe ya kuvunja sanduku. Vikundi vingi huvunja Desemba, wakati kila mtu tayari ana hela ya korosho, na mgawo unayeyuka kwenye sikukuu. Kikundi kinachovunja mwishoni mwa Mei kinampa mkulima hela kabla ya palizi na kupulizia, na huenda asihitaji mkopo kabisa. Ugumu wake ni kwamba mikopo yote lazima irudi kabla ya ufuta kuuzwa. Kwa hiyo kikundi cha namna hiyo hakitoi mikopo ya msimu. Mchague moja.

Nikope kiasi gani kwa ajili ya mikorosho?

Hesabu kwa mti. Kwa ubwiri unga, ugonjwa unaounguza maua ya mikorosho, salfa ya unga hupuliziwa robo kilo kwa mti, kila baada ya siku 14, kuanzia miti inapoanza kuchanua. Mtu wa miti 50 anatumia kilo 12.5 kwa mzunguko mmoja. Akipulizia mara tano ni kilo 62.5, yaani mifuko miwili na nusu ya kilo 25.

Kabla ya kukopa kwa ajili ya salfa yenyewe, hakikisha jina lako, idadi ya miti na kijiji chako viko sawa kwenye daftari la wakulima la Bodi ya Korosho, kwa sababu pembejeo za ruzuku hutolewa kwa waliosajiliwa. Baada ya hapo kinachobaki kulipia ni kukodi mashine, petroli, kibarua wa kupulizia na palizi. Hapo ndipo mkopo unapokwenda. Na usikubali mkopo wa salfa unaoahidiwa "mwezi wa tisa". Maua yakishaungua, dawa haiyarudishi, na deni litabaki palepale.

Kangomba ni mkopo? Kuna ubaya gani kama muuzaji na mnunuzi wamekubaliana?

Ni mkopo, na ni mmoja wa mikopo ya bei mbaya kuliko yote kijijini. Chukua mtu aliyepewa 50,000 mwezi wa Machi, mwezi wa njaa, kwa ahadi ya kutoa kilo 50 za korosho Oktoba. Msimu unafika, na baada ya makato yote mnada unampa mkulima 2,500 kwa kilo. Kilo zile 50 zina thamani ya 125,000. Amelipa 75,000 juu ya 50,000 kwa miezi saba, zaidi ya 10,000 kila mwezi. Kikundi cha asilimia 5 ya moja kwa moja kingemtoza 17,500 kwa miezi hiyohiyo saba.

Kuna na kipimo. Bakuli au kopo linaloitwa kilo moja mara nyingi hubeba zaidi ya kilo, na mkulima hana mizani ya kubishana. Ukiongeza robo kilo kwa kila kipimo, zile kilo 50 zimekuwa 62.5.

Biashara hiyo imepigwa marufuku, kwa kuwa korosho ghafi inatakiwa kuuzwa kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Lakini marufuku peke yake haimsaidii mama mwenye mtoto mgonjwa mwezi wa Machi. Kangomba inaendelea kwa sababu ni mkopeshaji anayekuja mpaka mlangoni, haulizi fomu, na anakubali kusubiri mavuno. Kikundi kikiwa na mkopo wa msimu na mfuko wa jamii unaotoa hela siku hiyohiyo, hapo ndipo kangomba inapokosa mteja.

Kama umeshachukua, jaribu kulipa kwa hela taslimu kabla ya mavuno. Mkopo wa kikundi wa kufunga deni la kangomba mwezi wa Julai ni miongoni mwa mikopo yenye faida kubwa unayoweza kuomba.

Na kukodisha mikorosho?

Ni afadhali kuliko kangomba kama masharti yameandikwa, na ni hatari kuliko kangomba kama hayakuandikwa. Andika idadi ya miti na mipaka yake, msimu mmoja tu unaotajwa kwa mwaka, nani anapalilia na kupulizia, na kwamba ardhi haimo. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Kosa linalorudiwa ni kuandika "mpaka nitakapolipa". Maneno hayo yamewafanya watu wavuniwe miti yao misimu minne kwa deni la msimu mmoja. Kama shamba ni la ukoo, wakubwa wa ukoo wajue kabla, maana mkataba uliofanywa nyuma yao huishia barazani.

SACCOS na AMCOS si kitu kimoja?

Hapana. AMCOS ni chama cha mazao: kinapokea korosho, ufuta au mbaazi yako na kuipeleka kwenye chama kikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao kwa ajili ya mnada. SACCOS ni chama cha akiba na mikopo. Kujiunga SACCOS kunahitaji kiingilio, hisa za kuanzia na akiba ya miezi kadhaa kabla ya mkopo wa kwanza. Kabla ya kuingiza hela, omba kuona leseni kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika na taarifa ya mwisho ya ukaguzi iliyosomwa kwenye mkutano mkuu.

Ubora wa SACCOS kwa mkulima ni muda mrefu wa marejesho, mara nyingi mwaka au zaidi. Udhaifu wake ni foleni: wanachama wote wanataka kukopa Juni na wote wanataka kulipa Desemba. Peleka ombi Aprili.

Benki pia hukopesha wakulima kupitia AMCOS, kwa makato kwenye malipo ya mnada. Ipo na Benki ya Ushirika iliyozinduliwa mwaka 2025, ambayo ndani yake imeingia iliyokuwa Benki ya Jamii ya Tandahimba. Kwa mkopo wa makato, hakikisha unajua kiwango cha makato kwa kila mnada, na usijaribu kupitisha korosho yako kwa jina la shemeji ili ukwepe. Kijijini hilo hujulikana, na mwaka unaofuata hutapata mdhamini.

Mkopo wa halmashauri hauna riba. Kwa nini nisiende huko moja kwa moja?

Nenda, lakini ujue ni mkopo wa kikundi kwa ajili ya mradi, haukusudiwi kulipia ada ya shule ya mtoto wako. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na Newala Mji ilitajwa kati ya halmashauri 10 za majaribio ambako fedha zinapitia benki.

Mnahitaji usajili, katiba, akaunti ya benki ya kikundi, vitambulisho vya NIDA, na andiko la mradi lenye bei halisi. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye atawaingiza kwenye mfumo wa Wezesha. Maombi huanguka kwa sababu zinazojulikana: kikundi kimeundwa wiki tatu kabla ya dirisha kufunguliwa, wanachama hawajui katiba yao wakihojiwa, au andiko limenakiliwa kutoka kikundi kingine na bado lina jina la kijiji kingine. Mikopo nayo huanguka kwa sababu moja kubwa: hela inagawanywa kwa wanachama siku ya kutoka, kila mtu anakwenda na lake, na anayebaki kulipa ni mwenyekiti.

"Kausha damu" ni ipi, na nitaitambuaje?

Ni mkopo wa haraka wenye gharama kubwa mno. Chukua mkopo wa 100,000. Fomu ni 10,000, inakatwa mbele, unapata 90,000. Unalipa 4,500 kila siku kwa siku 30, jumla 135,000. Umelipa 45,000 juu ya 90,000, nusu nzima kwa mwezi. Na kwa kuwa ulianza kurudisha kesho yake, hela ile hukukaa nayo mwezi mzima. Kwa wastani ulikuwa na nusu yake tu, kwa hiyo gharama halisi inakaribia mara mbili ya hapo.

Dalili zake: hakuna nakala ya mkataba unayobaki nayo, wanachukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri, wanaorodhesha kitanda, redio na sufuria kama dhamana, wanataka usaini karatasi ya mauziano ya shamba iliyoachwa bila tarehe. Hiyo ya mwisho ni mbaya kuliko zote, maana mbele ya baraza itaonekana uliuza. Usiisaini kwa hali yoyote.

Mkopeshaji halali wa daraja la pili ana leseni ya Benki Kuu ukutani, anakupa mkataba na ratiba ya marejesho kabla ya kusaini, na anakuachia nakala.

Programu za mikopo kwenye simu?

Mkopo mdogo wa mtandao wako wa simu unafaa kwa kuvuka siku chache, kama unajua hela inaingia lini. Programu za kupakua ni jambo jingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Inayoomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yako inajiandaa kuwapigia shemeji, mwalimu na imamu siku utakapochelewa. Usiipe.

Nyaraka gani niwe nazo tayari?

Kitambulisho cha NIDA au namba yake, barua ya mtendaji wa kijiji, picha ndogo mbili hadi nne, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, kitabu cha akiba, na stakabadhi za AMCOS za misimu miwili. Hakikisha jina ni lilelile kila mahali. Mtu aliyeandikwa Somoe kwenye NIDA na Asumini AMCOS atarudishwa, na marekebisho huchukua wiki. Kama una hatimiliki ya kimila, itunze, lakini usiitoe kwa mkopo ambao kitabu cha akiba kingetosha.

Nimeombwa kuwa mdhamini. Nikubali?

Kubali tu kiasi ambacho uko tayari kukilipa wewe. Omba kuona ratiba, na mweleze mkopeshaji kwamba unataka kupigiwa simu rejesho la kwanza likikosekana, usije kusikia habari baada ya la nne.

Mume au mke wangu ajue?

Ajue. Kwa nyumba ya familia na shamba la familia, idhini ya mwenza ni sharti la kisheria, na dhamana iliyowekwa bila idhini yake inaweza kupingwa. Kwa mikopo midogo ya kikundi sheria haidai, lakini tarehe ya rejesho ikifika, hela iliyofichwa huwa imeshatumika kwa jambo jingine na mtu asiyejua.

Dini yangu hairuhusu riba. Nina njia?

Unazo kadhaa: mchezo, mfuko wa jamii wa kikundi, na mkopo wa halmashauri. Baadhi ya benki zina huduma zinazofuata sharia, kama Al Barakah ya CRDB, ambapo benki hununua kitu na kukuuzia kwa bei iliyokubaliwa mapema. Kikundi nacho kinaweza kufanya hivyo: kinanunua mashine ya kupulizia kwa 400,000, kinakuuzia kwa 440,000 kwa awamu, na bei haipandi ukichelewa. Lazima kikundi kimiliki mashine hiyo kwanza. Kukupa hela na kubadili tu jina la riba kuwa "ada", masheikh wengi hawakubali. Muulize wako kabla katiba haijaandikwa.

Nikope kwa ajili ya unyago au jando?

Mtoto hawezi kurudishwa nyuma ya wenzake, na tunajua uzito wa jambo hilo kwa mzazi. Lakini ngoma haizai rejesho. Weka hisa kwa ajili yake mwaka mmoja kabla, kubaliana na ndugu nani analeta mchele, nani khanga, nani mbuzi, na ukikopa basi isiwe zaidi ya unachoweza kulipa kwa mauzo ya ufuta peke yake. Usiguse hela ya kupulizia. Aliyecheza ngoma kwa hela ya salfa anakuwa na deni na maua yaliyoungua kwa pamoja.

Naona kabisa sitaweza kulipa kwa tarehe. Nifanye nini?

Nenda kabla ya tarehe, hata na kidogo mkononi. Peleka riba ya mwezi huo na omba mtaji usogezwe, na maamuzi yaandikwe kitabuni. Usikope kwa B kumlipa A, isipokuwa B ni nafuu kwa hesabu uliyoiandika. Deni la kawaida ni shauri la madai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Mtu akija kubeba vitu bila amri ya mahakama wala makubaliano ya maandishi, mwite mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji washuhudie, na mtafute msaidizi wa kisheria wa kata yenu.

Mweka hazina haonekani na sanduku halijafunguliwa. Tuanze wapi?

Siku hiyohiyo kusanyeni vitabu vyote vya wanachama, maana ndivyo ushahidi, na vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Fungueni sanduku mbele ya mtendaji, hesabuni kilichomo, muandike na wote msaini. Linganisheni jumla ya hisa, mikopo iliyo nje na hela iliyopo. Pengo likionekana, ripoti iende kwa afisa maendeleo ya jamii na polisi siku ileile. Wizi wa hela ya kikundi ni jinai, tofauti na deni. Waliokopa waendelee kulipa. Mara nyingi hasara ya pili, ya wanachama wanaosema "kikundi kimekufa, silipi tena", huwa kubwa kuliko ile aliyoondoka nayo mweka hazina.